Televisheni Iliyobebwa Mabegani

Mwajuma alinipigia simu asubuhi, nimekaa ukumbini kwangu Kasulu na ungo wa maharage mapajani, akaniambia, "Wifi, mzee ametutoka." Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, maharage yakamwagika hadi chini ya kochi, na hata leo nikifagia napata moja moja. Fundi Zuberi hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa mtu wa Pangani, Mwislamu, na mimi ni Muha wa Makere, Mkatoliki wa kuzaliwa, lakini Mwajuma alipoolewa naye aliniita wifi siku ya kwanza tu, nami nikaona limenikaa vizuri, sikulikataa. Nilipanda basi la Kibondo na kanga mbili na kitambulisho. Njia nzima sikuiwaza sura yake. Niliwaza swali aliloniuliza mwaka ule niliofanya naye kazi, nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja ambaye bado hajui kuficha kitu usoni: "Konso, mimi nikifa huku, nani atanibeba?" Nimesoma watu wanaoandika maisha yao, wanaanza na babu, wanakwenda kwa ukoo, ukifika wanapozaliwa wao umeshasinzia. Mimi naanza na chumba.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa pale Kibondo mjini, dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama uani ambako mke wa mwenye duka alikuwa akikaanga maandazi tangu alfajiri. Kwa hiyo kila nikikumbuka televisheni nasikia harufu ya maandazi, na kila nikila andazi naona kioo cha kijivu kinachoanza kuwaka polepole kutoka katikati. Zilipangwa ukutani, kubwa, nzito, zile za kabati: mbao za mninga pande zote, miguu minne, milango miwili ya kusukuma mbele ya kioo, kitambaa cha rangi ya asali juu ya spika. Vijana wa leo wakisikia televisheni ya zamani wanafikiria ile ya chogo. Hizi zilikuwa kabla ya chogo. Chogo lao lilijificha ndani ya fanicha, na mgeni akiingia sebuleni milango ikiwa imefungwa angeweza kudhani ni mahali pa kuwekea vikombe vya Krismasi. Zilikuja milimani na mahakimu, madaktari, walimu wa chuo cha Kasulu, na wafanyabiashara wenye ndugu pwani na Unguja. Kisha mtu anahamishwa, au anastaafu, lori la mizigo limejaa, na lile kabati linabaki kwenye nyumba ya serikali likingoja mchwa.

Mafundi wengine walikuwa na njia moja tu: kuchinja. Walitoa waya, koili na kila chenye shaba wakauza spea, kabati likawa la vyombo, au kuku wakapewa. Fundi Zuberi hakuchinja. Alikuwa na dawa yake, aliizungumzia kwa utani wa kwao: televisheni iliyopona alisema ni mwari, na kuipatia nyumba mpya kwa niaba ya mwenyewe alisema ni kuiozesha. "Huyu wa pembeni bado hajapata mchumba," alikuwa akisema, "ana sauti nzuri ila sura chenga tupu." Mimi nilifika kwake na sanduku la randa na patasi, nimetoka kumaliza useremala katika shule ya ufundi ya misheni, na Kasulu nzima hakuna aliyetaka kiti kilichotengenezwa na msichana. Yeye hakuniuliza kama wanawake wanaweza. Alinionyesha kabati lililoliwa miguu na mchwa, akasema, "Ya ndani yangu, ya nje yako. Usiguse ya ndani hata kama nimekufa kifuani mwake." Alisema hivyo kwa sababu kioo cha picha hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa, na yeye kabla hajapeleka mkono alikuwa akiutoa kwa bisibisi ndefu iliyofungwa waya, akisema Bismillahi, na tunasikia tap! halafu kimya. Nilikuwa nikiacha kupiga msasa nisikilize kile kimya.

Yalikuwa maisha ya ndotoni, sina neno jingine. Jenereta la mwenye duka liliwashwa alasiri, nasi tuliwasha televisheni zote zilizo tayari kwa pamoja ili kuzijaribu, na kwa kuwa hakuna kituo cha kwetu kilichofika, zote zilijaa chenga, zikivuma kama nyuki waliohamia mtini. Chumba kikawa cha bluu. Vumbi langu la mbao likawa linaelea katika ile bluu. Siku ambazo mawingu yalikaa vizuri tulinasa kituo cha ng'ambo ya mpaka, na mtangazaji akatokea, kivuli kwanza, kisha shati, kisha mdomo, akisoma habari kwa Kirundi ambacho mimi Muha nakielewa karibu chote na Fundi haelewi hata salamu. "Anasemaje huyo bwana?" Namwambia anasema bei ya kahawa. "Na sasa?" Anasema mvua. "Konso wee, mtu kavaa tai vile aje kusema mvua?" Tulikuwa tukila chakula chetu cha mchana saa hiyo, ugali wa muhogo na dagaa, au maandazi yaliyoungua ambayo mke wa mwenye duka alitupitishia dirishani, na nakumbuka nikifikiri kwamba nimekwishapata nilichokuwa nataka, tena mapema, na kwamba sitamwambia mtu asije akanionea wivu.

Kisha akafa karani mmoja wa ofisi za wilaya, mwanaume mpole, kapera, mtu wa kusini ya mbali ambako hakuna aliyejua njia ya kufika. Fundi alikuwa amemtengenezea redio. Akaenda kumzika. Aliporudi alikaa juu ya kreti la soda bila kuvua kofia, bega la kulia limepauka kwa vumbi, na akawa analisugua. Alisema waliokuja ni wale waliotumwa na ofisi, wachache wa kuhesabu kwa vidole, na njia ya makaburini ni ya kupanda. Hapakuwa na wa kupokezana. Walilitua jeneza mara kwa mara, wakapumua, wakalinyanyua, na mmoja akatazama saa. "Alitazama saa, Konso," alisema. "Mtu kalala pale, yeye anatazama saa." Ndipo akaniuliza lile swali. Nilimwambia asijisumbue, msikiti upo, Waislamu wenzake watambeba. Akatikisa kichwa. "Hao watanibeba kwa thawabu, Mungu awalipe. Mimi nataka japo mmoja anibebe kwa sababu ni mimi." Pangani hakuwa na mtu tena, hilo alilisema mara moja tu na sikulichimba. Nilikuwa mdogo, nikaona ni maneno ya mtu aliyechoka. Lakini tangu siku hiyo nilimwona akisimama mlangoni kila jeneza likipita, akiangalia mabega ya waliobeba.

Katikati ya mwaka hakimu alistaafu. Mkewe, tuliyemwita Mama Hakimu, mwanamke mrefu wa Songea mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposhukuru, alituita nyumbani kwake. Sebule ilikuwa imekwishavuliwa mapazia, na lile kabati lilibaki peke yake katikati ya sakafu, zuri kuliko yote niliyowahi kuona, milango yake imechongwa majani ya mzabibu. "Zuberi," alisema, "lori halina nafasi, na mimi sina nguvu ya kubishana na dereva. Hii ni yako. Lakini nikisikia kuku wanalala ndani, nitarudi kutoka Songea kwa miguu." Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumiliki televisheni iliyo yake mwenyewe, si ya mteja. Tulipoifikisha chumbani aliizunguka, akafungua milango, akaifunga. Akasema ataiozesha kwa mtu mzuri. Hapo ndipo mimi, kwa umbea tu wa kutaka kuonekana nami najua jambo, nikamweleza kuhusu kugabira.

Kwetu Buha mtu mwenye ng'ombe alimpa mwenzake jike mmoja. Si kuuza, wala si kuazima. Anampa, na yule aliyepewa anakuwa mtu wake. Maziwa anakunywa aliyepewa, ndama mmojawapo hurudi siku moja, na katikati hapo kuna pombe, kuna maharage, kuna kulimiana, kuna kuuguzana, miaka na miaka. Siku hizi ng'ombe wenyewe wamepungua, lakini neno bado linaishi. Mtu akikufanyia kubwa utamsikia anasema fulani alinigabira. Na aliyegabirwa, nikamwambia Fundi, ndiye huja kwanza ukiugua, na ndiye hutanguliza bega ukifa. Alikuwa ameshika bisibisi. Akaiweka chini. "Hata kama ng'ombe mwenyewe ni wa kioo?" Nikacheka, nikasema sijui, haijawahi kutokea. Yeye hakucheka.

Aliyechaguliwa ni Mzee Ntabaye wa Kasanda, mwenye mashine ya kusaga unga, na sababu ilikuwa wazi: alikuwa na injini. Jioni watu wakishamaliza kusaga, injini ile ile ingeweza kuzungusha dainamo na televisheni ikawaka. Lori lilituacha barabarani na kabati letu, na kwake ni juu kilimani, kijia chembamba. Fundi alianza kuwaza mkokoteni. Mzee Ntabaye akawaambia wanawe kitu, wakarudi na machela, ile ya kubebea wagonjwa kwenda hospitali, wakalilaza kabati chali, wakalifunika blanketi lisipigwe jua, wakalipandisha mabegani. Mtoto wake mkubwa, Leonidasi, alitembea pembeni, na kila wabebaji walipoanza kulegea aliita, "Bega!" na wengine wanne wakaingia chini bila machela kutikisika. Walikuwa wengi, wakingoja zamu zao wakicheka. Fundi alitembea nyuma. Kofia aliishika mkononi hadi tulipofika.

Jioni ile naiona hadi leo, na sina hakika tena kipi nilikiona na kipi nimekiongeza. Nyumba ya mashine, kuta nyeupe kwa unga, hewa nyeupe kwa unga, watu weupe nywele na kope, wamekaa juu ya magunia. Fundi amefunga antena juu ya mwanzi mrefu. Injini inakohoa, inashika, kioo kinawaka katikati, tone, kisha uso mzima. Mtangazaji wa ng'ambo akatokea akitetemeka kwa mdundo wa injini, na mke wa Mzee Ntabaye, Bibi Skolastika, akamjibu salamu: "Ego, natwe turaho," yaani naam, nasi tupo. Nyumba nzima ikaangua kicheko, na kwa kuwa walicheka, unga ukapanda tena hewani, na mbele ya kioo ukawa unang'aa. Fundi alisimama mbele yao, nikamfundisha cha kusema, naye akasema kwa Kiha chake cha kubahatisha kwamba amewagabira. Mzee Ntabaye akapiga makofi taratibu, ya heshima, viganja vimekunjwa kidogo, na wanawe wakafuata.

Ni mimi niliyemfundisha kugabira, ila sikumfundisha kilicho rahisi kuliko vyote kwa sababu sikudhani kuna mtu mzima asiyekijua. Maharage yalipovunwa nilikuwa nimekwenda Makere kusaidia nyumbani. Leonidasi alishuka Kibondo na baiskeli, gunia la maharage mapya, asali kwenye chupa, na mkungu wa ndizi juu yake. Fundi alifurahi sana, alinisimulia baadaye, alifurahi hadi akaona haya. Mtu wa pwani aliyelelewa vizuri hapokei mikono mitupu. Leonidasi alikuwa na redio ya baba yake, imekufa. Fundi akaitengeneza hapo hapo, akaiwekea spika mpya na betri mpya, akaisafisha, akaifunga kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Akamwambia, kwa upole wote alionao, "Mwambie mzee wangu ahsante. Sasa tumemalizana, asiwe na wasiwasi wowote." Leonidasi akasema sawa. Akaondoka na baiskeli.

Nilirudi. Nilikuwa nikipiga vanishi mlango wa kabati jingine asubuhi moja, nikasikia barabara imenyamaza. Kibondo watu wakiona machela hushusha sauti. Nikatoka nje. Wanaume wanne na machela mabegani, wengine pembeni, blanketi limefunika kitu kirefu, na mama muuza nyanya anasema, "Poleni, ni nani huyo?" Lori lilikuwa limewaacha njia panda wakabeba kutoka pale. Mzee Ntabaye mwenyewe alikuwa mbele, amevaa koti la kanisani. Walitua machela mlangoni petu, wakafunua blanketi, na majani ya mzabibu yakatokea.

"Tumemrudisha ng'ombe wa mwenyewe," alisema Mzee Ntabaye.

"Imeharibika?" Fundi akauliza, na tayari anatafuta bisibisi. "Mzee wangu, ungeniita tu, ningekuja mimi."

"Haijaharibika. Tumeitunza. Lakini wewe umesema tumemalizana. Mtu aliyemalizana nawe huwezi kukaa na ng'ombe wake. Sisi si wezi."

Fundi alinitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na umeme alioutoa mwenyewe. Nikamweleza pale pale, kwa Kiswahili cha haraka, mbele yao wote: kwamba maharage yale hayakuwa zawadi ya kujibiwa, yalikuwa maziwa, kwamba hapa watu waliofungamana hawalipani wakamaliza, daima mmoja anabaki mbele kidogo na mwingine nyuma kidogo, hiyo ndiyo kamba yenyewe, na kwamba yeye, kwa redio moja na maneno matamu, alikuwa ameikata. "Mimi nilimshukuru," alisema. "Kwetu ukimwachia mtu deni la wema unamdhalilisha." Nikamwambia kwetu usipomwachia unamfukuza. Mzee Ntabaye alisikiliza yote hayo, anajua Kiswahili vizuri, lakini alikuwa akitazama paa. Alikuwa ameumia, na aliumia kama wanavyoumia wazee wa kwetu, kwa adabu, bila kupandisha sauti, na hilo ni baya zaidi. Aliaga. Wanawe wakakunja machela tupu. Na mimi nikaona waziwazi yale mabega yote aliyokuwa ameyatamani mwaka mzima yakishuka barabara ya njia panda, na yeye amesimama na kabati lake, salama, limesafishwa, halina hata alama ya unga.

Alikaa siku kadhaa hatengenezi kitu. Televisheni za wateja zilingoja. Mke wa mwenye duka alipitisha maandazi dirishani yakapoa. Nilimkasirikia, nakiri sasa bila aibu, nikamwambia kama anataka kufa kama karani wa wilaya ajifie, ila aniambie mapema nikatafute kazi Kasulu. Akasema, "Na wakikataa?" Nikamwambia watakataa mbele yako, si mbele ya ukuta. Kesho yake tukakodi nafasi kwenye lori, na kabati.

Barabarani Kasanda tulishuka, na hapakuwa na machela safari hii. Nilikwenda juu peke yangu kuwaambia. Leonidasi akashuka na ndugu zake watatu na ile machela, kwa sababu hata kama umekosana na mtu huwezi kumwacha barabarani na mzigo. Walipoinama kunyanyua, Fundi akamshika mkono mmoja wao, akamtoa kwa upole, akaingia yeye. Alikuwa mfupi kuliko wenzake watatu. Machela ikainama upande wake, mti ukamchuna shingo, jasho likamtoka hadi kwenye viatu, na Leonidasi ambaye alikuwa amebeba upande wa pili alimtazama mara moja, mara ya pili, kisha akaita, "Bega!" apokelewe. Fundi akakataa. Akaita tena. Akakataa. Tulifika uani kwa Mzee Ntabaye Fundi akiwa hawezi kugeuza kichwa, na Bibi Skolastika aliyekuwa akianika muhogo akasema, "Yewe! Mtamwua mgeni," na lile neno mgeni nililisikia likimwingia Fundi vibaya kuliko mti wa machela.

Mzee Ntabaye alitoka ndani. Kwetu watu wakipatana wananyonya chungu kimoja, pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake wa tete, vichwa vimekaribiana. Kila mtu pale alijua hivyo, na kila mtu alijua Fundi hanywi. Tulikaa. Kuku wakapita katikati yetu. Fundi alisema, "Mzee wangu, niliongea kama mtu wa kwetu. Sitaki tumalizane. Nataka unidai na mimi nikudai mpaka tufe." Mzee alimtazama mkewe. Bibi Skolastika akaingia jikoni, akakaa huko, tukasikia vyungu, akatoka na chungu amekikumbatia, akakiweka katikati. "Huu ni mtobe," alisema. "Ndizi nimezikamua leo asubuhi. Haujalala, haujachacha, hata mtoto anakunywa. Msinitafutie sababu." Akamkabidhi Fundi mrija wa kwanza. Mzee Ntabaye akachukua wake, akainama, na Fundi akainama kwa shida na shingo yake iliyochunika, na zikagusana, kofia ya msikitini na kofia ya mzee, juu ya chungu cha juisi ya ndizi. Nilinyonya na mimi. Ulikuwa mtamu mno, na baridi, na una ladha ya majani ambayo Bibi Skolastika aliyasugulia ndizi. Jioni injini ikawashwa.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kufundisha ufundi Kasulu, nikaondoka Kibondo, na hayo ni mengine. Televisheni za kabati zikafa zote, moja moja, hata ile, ingawa kabati lake hadi leo lipo kwenye nyumba ya mashine na ndani wanaweka mifuko mipya ya unga. Fundi Zuberi alihamia kwenye redio, deki, simu, akazeeka, akamwoa Mwajuma, hawakujaliwa mtoto. Maharage yalikuja kila mavuno. Alipelekewa ndama kweli, wa kwato, siku ya harusi yake, na hakujua pa kumlaza.

Siku ile ya simu ya Mwajuma nilifika Kibondo kabla ya saa saba. Kina mama tulikaa barazani, maana sisi makaburini hatuendi, na kutoka pale unaona geti na kipande cha barabara. Majirani walikuwepo, waumini walikuwepo, wa kutosha, wala sitasema walikuwa haba. Mwajuma alinishika mkono. Jeneza lilipotolewa, pikapu mbili zilisimama nje ya geti, zimejaa watu wamesimama, wakashuka. Walikuwa wametoka mashineni moja kwa moja. Kijana wa bodaboda aliyesikia tangazo la msikitini ndiye aliyewafikishia habari, na hawakungoja kuoga. Leonidasi alikuwa mbele, mzee sasa, na sikuweza kujua kichwani mwake ipi ni mvi na upi ni unga. Imamu akamsogelea, akamuuliza wao ni kina nani.

"Sisi ni watu wake," Leonidasi alisema. "Wa Kasanda. Alitugabira."

Imamu ni Muha. Alisogea pembeni.

Wakaingia chini ya jeneza. Viganja vyao viliacha alama nyeupe kwenye kitambaa cha kijani, na Mwajuma akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, hawa wote wanatoka wapi?" Mimi nilikuwa nasikiliza. Likapita geti, likashika njia ya kupanda, na hata lilipopotea kwenye kona niliendelea kusikia sauti ya Leonidasi, kila hatua chache tu, mapema kuliko uchovu unavyodai: "Bega! Bega!" Halikutuliwa njia nzima. Waliporudi tuliwapa wali, wakala wamekaa kwenye mikeka, na kaka mmoja wa makamo ambaye simjui hakuwa akila, amenuna, sahani mbele yake. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila ametoka Kasanda amesimama kwenye pikapu, na watu walikuwa wengi mno, hakupata zamu.